Kadi ndogo ya grafiki inasumbua, au hujui uchukue ipi? Anza na dalili

Watu wengi wakitafuta kadi ya grafiki ya bei poa isiyokula umeme wanauliza swali moja tu, ipi ina nguvu, na mi naona hilo ndo swali linalowaponza. Nguvu ni rahisi kuijua, vipimo vimejaa kila mahali. Kinacholiza watu kwenye hizi kadi za wati 75 kushuka chini ni kadi kutoendana na mashine inayowekwa: umeme hautoshi, poti haziingiliani na monita, memori imebadilishwa jina likabaki lile lile, au draiva zimeshaachwa. Kwa hiyo nakwenda dalili kwa dalili. Kama bado hujanunua soma hivyo hivyo, maana kila dalili hapa chini ungeweza kuiepuka dukani.

Kompyuta nzito, umeambiwa ununue kadi

Usitoe hela kwanza. Fungua Task Manager, nenda kwenye Performance, iache wazi huku unafanya ile kazi inayokwama, afu angalia nani anafika juu. Kama ni diski inagonga asilimia 100 basi huenda una diski ya zamani ya kuzunguka (HDD), weka SSD (diski mpya isiyozunguka), kadi ya grafiki haitakusaidia kitu. Kama ni prosesa ndo imejaa na GPU (chipu ya grafiki) imetulia kwenye asilimia 20, kadi mpya nayo itatulia hivyo hivyo ikisubiri prosesa. Kama GPU ndo imejaa basi uko kwenye njia sahihi.

Ila kuna kitu kimoja bado. Grafiki iliyo ndani ya prosesa haina memori yake, inatumia RAM ya kompyuta, na mashine nyingi zinauzwa na kijiti kimoja tu cha RAM, yaani data inapita njia moja wakati mazabodi ina njia mbili. Ukiongeza kijiti cha pili cha ukubwa na spidi ile ile unaizidishia mara mbili njia ya memori, na kwenye prosesa kama Ryzen 5 5600G tofauti kwenye gemu unaiona kwa macho. Jaribu hiyo kwanza, ni kazi ya dakika chache na bisibisi moja.

Wanaohitaji kadi kweli kweli ni wenye prosesa isiyo na grafiki kabisa, kwa mfano zile za Intel zenye herufi F mwishoni kama i5-12400F, au Ryzen 5 5600 isiyo na G, pamoja na wenye monita nyingi kuliko poti walizonazo, wanaocheza gemu, na wenye mashine ya zamani ambayo video za kisasa zinaishinda.

Umechomeka kadi, feni inazunguka, skrini nyeusi

Hii ndo dalili inayotisha kuliko zote na mara nyingi kadi haina kosa lolote, kwa hiyo nenda taratibu.

Kwanza angalia waya wa monita umechomekwa wapi. Ukishaweka kadi, mazabodi nyingi zinazima zenyewe poti zake za nyuma, na kama waya umebaki kwenye poti ya mazabodi utakaa unaangalia giza wakati picha inatoka kwenye kadi pale chini. Ukitaka zote mbili zifanye kazi pamoja ingia BIOS (menyu ya setingi za mazabodi), tafuta setingi ya grafiki ya ndani au ya monita nyingi, iwashe.

Pili, kadi imeingia sawasawa? Hizi kadi fupi ni nyepesi, unapofunga skruu ya nyuma kile kibati kinaweza kuinyanyua upande mmoja bila we kuona. Legeza skruu, sukuma kadi mpaka usikie klipu imelia, afu funga tena. Kama imetoka kwenye mashine nyingine futa meno yake na kitambaa kikavu.

Tatu, na hapa ndo wengi wanakwama, ni ugomvi wa BIOS. Mashine za kisasa zinawaka kwa UEFI, yaani BIOS ya kisasa, na kadi lazima iwe na kipande cha programu ndani yake kinachoongea lugha hiyo. Kadi ya zamani isiyo nacho, ukiiweka kwenye mashine iliyozimwa CSM (setingi ya kuwaka kwa mtindo wa zamani) na yenye Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwaka), unaona giza mpaka Windows ifunguke, wakati mwingine hata mashine inakataa kuwaka kabisa. Na kinyume chake kipo pia, kadi mpya kwenye mazabodi kongwe yenye BIOS ya zamani inaweza isitoe picha hata kidogo. Dawa yake: toa kadi, washa kwa grafiki ya ndani, fanya apdeti ya BIOS kutoka kwa mtengenezaji wa mazabodi, afu geuza CSM, kama ilikuwa imezimwa iwashe na kama ilikuwa imewashwa izime. Lakini tahadhari, kabla ya kuzima CSM hakikisha diski yako imepangwa kwa GPT (mpangilio mpya wa diski) siyo MBR (wa zamani), la sivyo Windows haitafunguka na utaanza kuilaumu kadi kwa kitu ambacho siyo chake.

Nne, adapta ya VGA. Kama monita yako ni ya zamani yenye VGA tu, elewa kwamba NVIDIA waliondoa mawimbi ya analogi kuanzia kizazi cha Pascal, yaani GT 1030 na GTX 1050 kwenda mbele, na AMD walishaondoa kabla ya hapo. Ile poti ya DVI kwenye kadi hizi ni DVI-D, haina pini za analogi, kwa hiyo vile vidubwasha vya kugeuza DVI kuwa VGA visivyo na chipu ndani haviwezi kutoa picha hata ukivisukuma vipi, vingine haviingii kabisa. Unahitaji adapta yenye chipu ya kubadilisha, ya HDMI kwenda VGA au DisplayPort kwenda VGA. Ukisahau hili unarudisha kadi nzima kwa ajili ya adapta ya bei ndogo.

Ukimaliza hayo yote na bado giza, jaribu kadi kwenye mashine ya mtu mwingine. Ikiwaka kule, tatizo ni mashine yako. Isipowaka, irudishe.

Inawaka vizuri ila gemu likianza tu mashine inazima

Hapa ni umeme, karibu kila mara. Sloti ya PCIe x16, ile ndefu inayoingia kadi, kwa kanuni inatoa mpaka wati 75, na katika hizo zinazotoka kwenye laini ya volti 12 ni 66 tu, zilizobaki ni za laini ya 3.3. Ndo maana kadi nyingi zisizo na waya wa ziada zinaishia 75: GTX 1050 Ti wati 75, GTX 1650 wati 75, RTX 3050 ya 6GB wati 70, RX 6400 wati 53, GT 1030 wati 30. Sasa hiyo 75 ni kanuni, lakini mashine ndogo za maofisini zinazouzwa mtumba, hizi kasha jembamba, watengenezaji wengine wameweka kikomo cha chini zaidi kwenye sloti na wameandika kwenye manuali. Tafuta manuali ya modeli yako kamili, siyo ya inayofanana nayo, soma sehemu ya sloti. Ukikuta kikomo ni kidogo basi chagua kadi ya wati 30 mpaka 50 na usibishane na hiyo namba.

Pawa saplai ya hizo mashine nayo mara nyingi iko kati ya wati 180 na 255, ina umbo lake la peke yake, na haina waya wa pini 6. Wati 240 zinatosha kabisa kwa GTX 1650 isiyo na konekta na prosesa ya kawaida kama pawa saplai ni nzima, lakini ikiwa imetumika miaka kumi na kapasita zimechoka, ile dakika gemu linapoanza mzigo unapanda ghafla na yenyewe inakata. Kupima ni rahisi: shusha kikomo cha umeme cha kadi kwa programu kama MSI Afterburner kama kadi inaruhusu, au funga gemu lisizidi fremu 30 kwa sekunde. Ikiacha kuzima basi umempata mwizi.

Na jamani, hili naomba tulichukulie kwa uzito. Kuna nyaya za kugeuza umeme wa SATA kuwa pini 6, zinauzwa kila mahali, watu wanazitumia kuwasha kadi zenye konekta kwenye mashine zisizo na waya huo. Konekta ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja imeruhusiwa ampea 1.5, jumla ni wati 54. Pini 6 inaruhusiwa kuvuta 75. Hesabu haifungi, na zile zenye kichwa cha plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu zinajulikana kwa kuyeyuka na hata kuwaka moto. Kadi ikija na konekta na mashine yako haina waya, hiyo siyo kadi yako. Angalia vizuri hapo maana GTX 1650 yenyewe ina matoleo yenye konekta na yasiyo nayo, jina moja, boksi linafanana.

Kadi inasoma, lakini iko chini kuliko ulivyoona kwenye vipimo

Sehemu hii ndo naipa muda zaidi maana hapa mnunuzi anadhulumiwa bila hata mtu kumdanganya waziwazi.

Dauniloda GPU-Z, ni bure, ifungue, soma mistari miwili: aina ya memori na upana wa njia ya PCIe. Mfano mbaya kuliko yote ni GT 1030. Ilitoka 2017 ikiwa na GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde, mwaka uliofuata likatoka toleo la DDR4 linalopitisha kama GB 17 kwa sekunde, chini ya nusu ya ile, na jina likabaki GT 1030. Kwenye gemu nyingi hiyo DDR4 inashuka karibu nusu. Vipimo vyote ulivyoangalia vilikuwa vya GDDR5, we umeuziwa DDR4, na hakuna draiva wala setingi itakayorekebisha hilo. GT 730 nayo ina matoleo yasiyofanana hata chipu ndani yake, mengine ya kizazi cha Fermi mengine ya kizazi cha Kepler. RTX 3050 ya 8GB ni kadi ya wati 130 na ile ya 6GB ni wati 70 yenye koa (cores, vikokotozi vya ndani ya chipu) chache na njia ya memori nyembamba, ni kadi tofauti, na kwa mashine ndogo ni ya 6GB unayoitaka, ila usitegemee namba za ile nyingine.

Upande wa njia ya PCIe, RX 6400 imeunganishwa kwa njia nne tu badala ya kumi na sita. Kwenye mashine yenye PCIe 4.0 siyo mbaya, inapata karibu GB 8 kwa sekunde. Kwenye mashine ya 3.0, ambazo ndo nyingi mikononi mwa watu wanaotafuta kadi kama hii, inabaki nusu yake, na memori yake ni GB 4 tu kwa hiyo gemu likizidi hapo data inaanza kupita kwenye kale kanjia na picha inakuwa inashtuka shtuka. Dawa ni kushusha ubora wa tekscha mpaka memori itoshe, tekscha hasa, vivuli na mengine siyo chanzo. Kama mashine yako ni ya 3.0 na RX 6400 inalingana bei na GTX 1650, chukua GTX 1650.

Angalia pia umechomeka sloti gani. Mazabodi nyingi zina sloti mbili ndefu zinazofanana kwa nje, ya juu ina njia 16 na ya chini ina nne. Kwenye GPU-Z ukiona namba ndogo usishtuke moja kwa moja, kadi ikiwa imepumzika inajishusha yenyewe, bonyeza alama ya kuuliza pembeni ya huo mstari iipe kazi kidogo afu soma tena.

Wenye Intel Arc, iwe A310 au A380, mna sababu yenu wenyewe: Resizable BAR, setingi inayoruhusu prosesa kuifikia memori yote ya kadi kwa mara moja. Bila hiyo setingi kwenye BIOS, Arc inapoteza sehemu kubwa ya uwezo, na Intel wenyewe wanataja Core kizazi cha 10 au Ryzen 3000 kwenda juu. Kwenye i5 ya kizazi cha nne Arc utailaani bure. Kama mashine inayo, washa Resizable BAR na Above 4G Decoding, zima CSM.

Sababu ya mwisho ni kadi feki. Kuna GTX 1050 Ti nyingi ambazo ndani ni GTS 450 au GTX 550 Ti za zamani zilizobandikwa programu ya uongo ili Windows isome jina jipya na memori kubwa. Dalili zake: ina poti ya VGA wakati 1050 Ti halisi haina, mashine inagoma au inatoa mistari memori ikianza kujaa, draiva mpya kutoka NVIDIA inakataa kuingia, na GPU-Z inaandika neno FAKE kabla ya jina. Ukiliona hilo neno usihangaike na kurekebisha, dai hela yako.

Video inakata kata hata baada ya kuweka kadi

Angalia Task Manager wakati video inacheza, kuna grafu ya Video Decode. Ikiwa sifuri na prosesa inapaa, basi kadi haielewi kodeki (njia ya kubana video) ya video hiyo. GT 710 na GT 730 haziwezi VP9 wala AV1, wakati YouTube inatumia hizo mbili kwa wingi. GT 1030, GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinaweza VP9, AV1 haziwezi. RX 6400 hivyo hivyo, japo ndugu zake wakubwa, RX 6600 kwenda juu, wanaiweza. AV1 kwenye kundi hili unaipata RTX 3050 na Arc. Kama hutaki kubadili kadi, weka ekstensheni kwenye brauza inayolazimisha YouTube ilete H.264, utapoteza 4K lakini 1080p itatiririka. Hakikisha pia brauza yenyewe imeruhusiwa kutumia kadi, wengine waliizima zamani wakasahau.

Kwa wanaorekodi skrini au kurusha laivu: GT 1030 na RX 6400 hazina kabisa chipu ya kusimba video, kazi yote inaangukia prosesa. Arc A310 ndo inashangaza hapa, kadi ndogo namna hiyo inasimba mpaka AV1. Kwa mashine ya kuhifadhi na kurusha filamu nyumbani sioni ya kuishinda, mradi mashine iwe na Resizable BAR.

4K inagoma kupita hezi 30

Chanzo ni HDMI 1.4, toleo la zamani la poti. Ndo ilivyo kwenye GT 710 na 730. Tumia kadi yenye HDMI 2.0 au DisplayPort, na waya uwe wa kiwango hicho pia.

Joto na kelele

Kadi zisizo na feni zinategemea hewa ya kasha. Ukiiweka kwenye kasha lililobana bila feni ya kutoa hewa itapanda mpaka ijishushe spidi, gemu linaanza vizuri afu baada ya dakika kumi linakuwa zito, hiyo ndo alama yake. Feni moja ya kasha inatosha. Kama ni Arc inayokula umeme mwingi hata ikiwa haifanyi kitu, tafuta ASPM (setingi ya kuokoa umeme wa PCIe) kwenye BIOS uiwashe, na kwenye mpango wa umeme wa Windows weka PCI Express kwenye akiba ya juu kabisa.

Draiva

Ukiona Windows inaita kadi yako Microsoft Basic Display Adapter, draiva haijaingia. Ukiona namba ya kosa Code 43, kwanza safisha draiva za zamani kwa programu ya DDU ukiwa Safe Mode na intaneti imekatwa, halafu weka mpya kutoka kwa mtengenezaji wa chipu. Hasa kama umehama kutoka AMD kwenda NVIDIA au kinyume. Ikirudi tena na tena kadi ni mbovu au ni feki.

Lakini fikiria na mbele. Kizazi cha Kepler, ambacho ni GT 710 na GT 730 nyingi, kiliishia kwenye draiva za 470. Kadi za vizazi vya Maxwell na Pascal, yaani mpaka GT 1030 na GTX 1050 Ti, zilipata draiva ya mwisho ya gemu Oktoba 2025 na zinabaki na za usalama mpaka Oktoba 2028. Kadi bado inafanya kazi, ila kama unanunua leo kwa ajili ya gemu mpya sipendekezi Pascal tena labda iwe bei ya kutupwa. Kwenye Linux AMD na Intel hazikusumbui, draiva ziko ndani ya kaneli (kernel, kiini cha mfumo).

Sasa uchukue ipi

Pima kasha kwanza kwa rula: urefu wa kadi, ni fupi au ya kimo kamili, inachukua nafasi ya sloti moja au mbili. Muulize muuzaji kama kile kibati kifupi kimo kwenye boksi, maana bila hicho kadi fupi haifungiki kwenye kasha jembamba. Kasha jembamba lenye nafasi ya sloti moja linakupeleka kwenye RX 6400 au kadi za kazi kama T400, T600 na T1000, za wati 30, 40 na 50, zinapatikana sana mtumba na zinatumia mini DisplayPort kwa hiyo nunua na adapta zake. Kasha lenye nafasi mbili na sloti inayotoa 75 kamili, RTX 3050 ya 6GB ndo ya juu kwa gemu kati ya hizi nilizozitaja, na GTX 1650 inafuata kwa bei ya chini. Kama ni video na monita tu kwenye mashine mpya kidogo, A310.

Ikifika mkononi fanya haya siku hiyo hiyo kabla muda wa kurudisha haujapita: GPU-Z uhakikishe jina, memori na njia, kisha gemu au kipimo kizito nusu saa nzima huku unaangalia joto, kisha video moja ya 4K, na uchomeke monita kwenye kila poti ya kadi hata zile ambazo huna mpango wa kuzitumia.